Kiongozi na Siku ya Pili Yake

 

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu hapa Kona ya Musa tumeulizwa mara nyingi swali moja kwa maneno mbalimbali. Wametuuliza wenyeviti wa kamati za misikiti, na wasimamizi wa madrasa, na viongozi wa vyama vya kuzikana, na akina mama wanaoongoza vyama vyao vya kuweka na kukopeshana: kiongozi afanye nini hata asivunjike moyo? Nao hawaulizi kwa kutaka mazungumzo. Mmoja amesimamia madrasa miaka kumi na miwili, na sasa ataka kurudisha funguo. Mwengine ameacha kuitisha mikutano, kwa kuwa kila mkutano humtoa na maneno ya kumchoma.

Jawabu lililozoeleka ni kuwa asubiri. Jawabu hili ni la kweli, lakini aghlabu hutolewa na mtu asiyetaka kusaidia: amwambia mwenzake asubiri, kisha ashika njia akaenda zake. Sisi twaona kuwa subira, katika kuongoza watu, ni kazi yenye mipango yake, na mahali pa kuitazama ni siku ya pili baada ya pigo. Siku ya pigo lenyewe kila mtu hushughulika, na hata mwoga hukimbia huku na huku akaonekana ana bidii. Kukicha ndipo hujulikana huyu ni kiongozi wa namna gani.

Na tuvitazame vita vya Uhud, katika mwaka wa tatu wa Hijra (625). Makureshi walipokuja kulipa kisasi cha Badr, rai ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe ilikuwa watu wabaki Madina wapigane humo humo. Lakini wengi, khasa vijana ambao hawakuwahi kuhudhuria Badr, walitaka kutoka nje, naye akaifuata rai yao. Alipokwisha vaa silaha zake, walijuta, wakamwambia arudi katika rai yake. Akakataa, kwa kuwa shauri lililokwisha katwa halifai kugeuzwa kila saa kwa hofu. Njiani, Abdullah bin Ubayy akarudi nyuma na watu wapata 300, akinung'unika kuwa rai yake haikusikizwa. Wakabaki watu kama 700 mbele ya watu 3,000. Wapiga mishale 50 wakawekwa kilimani chini ya Abdullah bin Jubair, wakaambiwa wasiondoke kwa hali yoyote. Walipoona adui akimbia na mali yametawanyika uwanjani, wengi wao walishuka. Khalid bin Walid, ambaye siku hiyo alikuwa bado hajasilimu, akazunguka na farasi zake akaingia kwa nyuma. Wakafa mashahidi wapatao 70, miongoni mwao Hamza, ami yake Mtume, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni na jino lake likavunjika.

Sasa kila mwenye kuongoza watu, hata wakiwa kumi, na ajiulize. Lau watu wangalikushika kwa rai ambayo si yako, kisha uliowaweka walinde wakaacha lindo kwa tamaa, nawe ukapata khasara ya mali na ya wapenzi wako, ungalisema nini kulipokucha? Wengi wetu tungalisema, ‘Niliwaambia!’ Na mkutano uliofuata tusingaliuitisha. Tungaliamua peke yetu tangu siku hiyo, na watu wangalituona tuna haki.

Lakini aya za Surat Aali Imran zilizoteremka baada ya Uhud zinamwamrisha Mtume awasamehe watu hao, na awaombee maghufira, na ashauriane nao katika mambo. Ashauriane na nani? Na wao hao hao, walioshauri kutoka na walioshuka kilimani. Basi na tuliangalie jambo hili vizuri, maana kwetu ndilo shina la maneno yetu yote. Amri ya kushauriana ilikuja wakati ambapo kushauriana kulikuwa kumeleta msiba. Kiongozi anayeshauriana na watu maadamu shauri lao lampendeza, huyo hajashauriana bado. Na wengi wa viongozi wetu waliovunjika, tukiwachunguza, hawakuvunjwa na khasara yenyewe. Walivunjwa na upweke waliojitilia baada ya khasara, walipoacha kuwaamini watu wakajitwika mzigo wote kichwani.

Tena kuna hili la siku ya pili yenyewe. Asubuhi yake Mtume aliamrisha ipigwe mbiu, watu watoke kumfuata adui, na asitoke ila aliyekuwako Uhud. Jabir bin Abdullah peke yake alieleza udhuru wake, kuwa babake alimwachia dada zake awatunze, naye akaruhusiwa. Wakatoka na majeraha yao mpaka Hamra al-Asad, wakapiga kambi huko siku tatu, na Makureshi hawakurudi. Hakuwaacha wakae majumbani wakihesabiana makosa. Aliwapa kazi, tena kazi iliyoonyesha kuwa bado anawaamini wao kuliko wale ambao hawakufika.

Kwa hivyo, fundi akitoweka na malipo ya kwanza ya paa la msikiti, au hesabu ya chama ikionekana ina upungufu, mwenyekiti asijifiche. Aitishe mkutano wiki hiyo hiyo. Aseme kilichotokea kwa tarakimu, kiasi gani kimepotea na kiasi gani kimebaki, kabla ya kusema kosa ni la nani. Kwani likitangulia jina la mtu, tarakimu hazitasikizwa tena. Kisha kila mmoja aondoke na kazi yake: huyu kwenda kwa chifu, huyu kumtafuta fundi mwengine, na huyu kuwaendea wale waliochanga kwa wingi awaambie ukweli kabla hawajausikia barazani.

Sisi watu wa pwani ya kusini hatuhitaji kuambiwa kuwa mapigo huja. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na vijiji vilivyokuwa vikila kwa miwa vikabaki kutazamana. Agosti 1997 fujo zilizoanzia Likoni ziliua watu na kuwatoa wengi majumbani mwao, na wageni wakayakimbia mahoteli ya Diani. Machi 2020 maradhi ya korona yalifunga mahoteli na misikiti kwa pamoja. Desemba 2024 uchimbaji wa madini ya titani katika Kwale ulikoma, na kazi zake zikaenda pamoja nao. Haya yote ni katika muda usiofika miaka arobaini. Kiongozi anayepanga mambo ya jumuiya yake kana kwamba kaskazi itavuma mwaka mzima, huyo hana haki ya kusema kuwa kusi lilimjia ghafula.

Katika hayo, mwaka 2020 watufaa zaidi kwa mafunzo, kwa kuwa wengi wetu twaukumbuka. Nyumba za ibada zilifungwa tangu Machi, na zilipofunguliwa Julai ziliruhusiwa watu wasiozidi 100 kwa wakati mmoja. Mchango wa Ijumaa ukakatika. Mzazi aliyekuwa mhudumu wa hoteli akarudi kukaa nyumbani, na ada ya madrasa ya mtoto wake ikawa ya kwanza kusimama. Wala hatumlaumu, kwani mwenye chungu kitupu atoe ada wapi? Aliyeumia zaidi ni mwalimu, ambaye hana mkataba wala akiba, na ambaye watu hudhani kuwa kwa sababu asomesha Qur'ani basi tumbo lake halina haja.

Wakati ule tuliona wenyeviti wa namna mbili. Wa kwanza aliacha kupokea simu za walimu. Hakuwa mtu mbaya. Aliona haya kuwa hana la kuwaambia, na haya hiyo ikamfanya afanane na mtu mwenye khiyana. Wa pili aliwaita walimu wake, akaweka daftari juu ya mkeka, akawaonyesha kilichobaki. Wakakubaliana walipwe nusu mpaka fedha zishe, na atakayetaka kwenda shamba au baharini aende, na darasa lake litamngoja. Fedha zilipokwisha walikwisha jua siku yake, na hapana aliyesema kuwa amedanganywa. Tofauti ya watu hawa wawili haikuwa katika mali, kwani wote wawili hawakuwa nayo. Ilikuwa katika kuweza kusimama mbele ya watu mikono mitupu.

Hata hivyo si lazima kila mara mikono iwe mitupu. Twashauri kila madrasa iweke kando mishahara ya miezi mitatu ya walimu wake, kidogo kidogo, kabla ya kununua kitu chochote cha pambo. Zulia jipya lingoje. Tumeona misikiti yenye mazulia mawili, moja juu ya jengine, na mwalimu wa watoto hajalipwa tangu Mfungo Sita.

Na maadamu tumetaja fedha, hatuna budi kusema juu ya simu. M-Pesa ilianza nchini Kenya mwaka 2007, na imefanya kuchanga kuwa kwepesi. Mtu aliyeko Msambweni huchangia maziko ya Tiwi kabla maiti haijaoshwa. Lakini mchango wa watu 200 uingiapo katika simu ya mtu mmoja, ukachanganyika na fedha zake za samaki na za karo ya wanawe, hapo amewekewa mtihani ambao hakuuomba. Tuseme ni mwaminifu kabisa. Je, akifa usiku? Simu hufungwa na siri yake, na warithi hawajui kilicho cha marehemu na kilicho cha watu, na maneno hayakawii kuanza matangani. Jumuiya na iwe na akaunti yake kwa jina lake, wenye kutia sahihi wawe watatu, na daftari lisomwe kwa sauti kila mwezi, hata kama kilichomo ni shilingi 40. Mwenye kuona kuwa jambo hili ni kumdhania mtu mabaya hajafahamu. Daftari linalosomwa humlinda mweka hazina kuliko linavyowalinda waliochanga.

Mfano tunao hapa karibu. Watu wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakihifadhi hekta 117 za mikoko chini ya mpango uitwao Mikoko Pamoja, na tangu mwaka 2013 hulipwa na wanunuzi wa nchi za nje kwa ile hewa ya ukaa ambayo miti hiyo huivuta na kuishika. Wanakamati wake huchaguliwa kutoka vijiji hivyo viwili, na matumizi ya fedha, kama vile maji na vitabu vya skuli, hujadiliwa katika mikutano ya wanakijiji. Mwaka 2017 mpango huu ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Hatusemi kuwa ni watu wasiokosana. Hapana kijiji cha namna hiyo duniani. Twasema kuwa fedha inayojadiliwa hadharani haimwachi mwenyekiti peke yake siku ya maneno.

Jambo jengine ni wasaidizi. Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni, aliomba apewe nduguye Harun awe pamoja naye, na akataja sababu, kuwa Harun ana ufasaha wa ulimi kumzidi yeye. (Hatumtaji kwa ajili ya jina la mahali petu.) Mtume mkubwa kama huyo alijua anachopungukiwa, akakisema wazi. Wenyeviti wetu wangapi wanaweza kusema mbele ya kamati, ‘Mimi si mzuri wa hesabu, nipeni mtu’? Badala yake humchagua msaidizi asiyejua kitu, ili wasionekane wao hawajui. Khalafu hulalamika kuwa kazi yote ni juu yao.

Na kisa hicho kina upande wa pili, ambao wengi hawausomi kwa jicho la uongozi. Musa alikwenda miadi ya Mola wake siku arubaini, akamwacha Harun na watu. Aliporudi akakuta wameabudu ndama. Akakasirika, akamshika nduguye kichwani na ndevuni. Harun akatoa udhuru wake: watu walimwona dhaifu, wakakaribia kumuua, naye alikhofu kuwafarikisha. Musa akausikia, na palepale akaomba maghufira kwa nafsi yake na kwa nduguye. Hasira ilikuwa ya haki, kosa lilikuwa kubwa, na bado naibu alisikizwa mbele ya watu wale wale waliomwona akishikwa ndevu. Sisi tunao manaibu waliofukuzwa kwa ujumbe wa simu.

Huenda kiongozi akasema: mimi nimeshauriana, nimefungua daftari, na watu bado hawaitiki. Hilo nalo limempata aliye bora kuliko sisi. Mwaka wa sita wa Hijra (628), baada ya mapatano ya Hudaibiya, ambayo masahaba wengi yaliwauma, Mtume aliwaamrisha wachinje na wanyoe. Akasema mara tatu, na hakuinuka mtu. Akaingia kwa mkewe, Ummu Salama, akamweleza. Yule bibi akamshauri atoke, asiseme na mtu hata neno moja, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo, na watu wote wakainuka. Twaona hapa mambo mawili. Kwanza, anao mtu wa kumweleza uzito wake, asiye katika mkutano na asiyetafuta cheo. Na kiongozi asiyekuwa na mtu kama huyo na amtafute kabla ya mwaka kwisha, na asidharau kuwa huenda yumo nyumbani mwake. Pili, kuna wakati maneno huwa yamekwisha kazi yake. Shimo la choo cha madrasa limejadiliwa mikutano minne. Mkutano wa tano mwenyekiti asiuitishe, achukue jembe.

Mwili nao una haki yake. Salman alimkataza Abu Dardaa kufunga kila siku na kusali usiku kucha hata akaisahau nyumba yake, na Mtume akasema kuwa Salman amesema kweli. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa mpaka, mikutano ya kamati mpaka saa sita za usiku itakosaje mpaka?

Na riziki pia. Imepokewa kuwa Abu Bakr, alipokwisha kuwa khalifa, alifunga nguo zake za biashara akashika njia ya sokoni kuwatafutia watu wake. Akazuiliwa, akakadiriwa posho katika mali ya Waislamu. Jumuiya zetu nyingi hutaka mtu awatumikie bure mchana kutwa, na siku akikopa katika hazina humwita mwizi. Yeye ni mwenye makosa, hapana shaka; lakini na waliomweka pale huku wakijua kuwa boti yake haijaenda baharini miezi miwili, nao wana fungu lao. Ama alipwe kwa kiasi kinachojulikana na kuandikwa, ama apewe kazi ndogo ambayo haitamfilisi.

Limebaki la kuondoka. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha karatasi yake Sahifa mwaka 1930, kisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, ambalo halikuishi muda mrefu. Mwenye kupima kazi kwa umri wa gazeti atasema alishindwa. Lakini alikuwa akisomesha, na alipofariki mwaka 1947, akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, wanafunzi wake walikuwako. Mmoja wao, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye akashika cheo hicho hicho tangu mwaka 1963 hadi 1968. Kiongozi ambaye kila jioni humfundisha mtu mmoja kazi yake, huyo gazeti likifungwa hakufungwa yeye.

Kuondoka kugumu zaidi ni kule kwa kuondolewa. Khalid bin Walid, yule yule wa Uhud, alikuwa amekwisha silimu na kushinda vita vingi, na Umar bin Khattab aliposhika ukhalifa mwaka 634 alimwondoa katika ukuu wa majeshi ya Sham, akamweka Abu Ubaida. Imepokewa kuwa Abu Ubaida alipopata barua hakumkabili nayo mara moja, alingoja. Na Khalid alipojua hakukusanya watu wake, wala hakurudi kwao kununa. Aliendelea kupigana chini ya yule aliyekuwa jana chini yake. Hapa kwetu mwenyekiti akishindwa katika uchaguzi wa kamati, mara nyingi Ijumaa ya pili husali msikiti mwengine, na muhuri wa jumuiya haujulikani uliko.

Basi tumewaandalia wenye kutuuliza utaratibu mdogo wa makabidhiano. Anayeondoka alete muhuri, funguo zote, daftari la mikutano, kitabu cha benki, hati ya kiwanja ikiwa ipo, na karatasi moja aliyoiandika kwa mkono wake ya madeni: ya jumuiya kwa watu, na ya watu kwa jumuiya. Vitu hivi vihesabiwe mbele ya mashahidi watatu na watie sahihi. Kisha akae katika mkutano mmoja wa mwenye kumfuata, karibu na mlango, na asiseme neno ila akiulizwa. Mkutano wa pili asihudhurie. Kuanzia wa tatu aje kama watu wengine, na akipewa kazi ya kuteka maji ya udhu siku ya maulizo ya watoto wa madrasa, aiteke.